Bwana wa Karatasi wa Wanawake Saba

Mama zangu, dada zangu, na ninyi tata, akina baba wachache mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema: nimeitwa kusema, na mimi nikianza kusema sisemi kidogo. Mjue kwanza anayesema ni nani. Masomo yangu yaliishia kalasi ya nne ya primeri. Leo niko na kamyo tatu, malori ya mizigo, barabarani na nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Manika, na katika walimu wangu wote hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki gurudumu la akiba. Siwatukani walimu. Nasema kwa sababu ni kweli, na ninapenda kuisema.

Kuna watu mjini wanasema mali yangu ni ya uchawi. Wengine wanasema niliiba madini kule Kingamyambo. Waongo wote. Mali yangu ya kwanza niliipata kwa wanawake, na niliipata vibaya. Kesho asubuhi kikundi chenu kinaondoka kwenda mpakani kwa mara ya kwanza, na ni mimi mliyenipa kazi ya kubeba mizigo. Mama mkubwa wenu, kiongozi wa kikundi, akaniambia, "Tata, mbele ya kupanda kamyo yako, utuambie ile mambo yote, usikate." Basi sikati. Ila majina sitayataja. Anayejua atajua, na anyamaze.

Mimi ni mtoto wa Musonoi, mtaa wa watu wa mgodi hapa Kolwezi. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana kufanya kazi ya mgodi, akaifanya mpaka mgongo ukapinda. Mimi Kasai nilikuwa sijaiona hata kwenye picha. Nilianza na pusipusi pale sokoni, nasukuma mizigo ya watu. Nikanunua baiskeli. Halafu mzungu mmoja akarudi kwao, akaacha kamyo imekufa, miti imeota ndani. Mafundi wakaniambia nikauze vyuma. Niliifufua kwa mikono hii miwili. Mkitaka kujua akili ni nini, ni hiyo, si ile ya kwenye daftari.

Wakati ule mama wa hapa walikuwa wanapeleka bitenge na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, hadi mpaka wa Zambia, wanarudi na unga, sukari na kapenta, wale samaki wadogo wakavu. Ninyi vijana mnajua njia, lakini hamjui ilivyokuwa. Mwanamke mwenye kusafiri peke yake alifunguliwa mzigo kwenye kila bariere, kila kizuizi cha barabarani, na si mzigo tu. Alipekuliwa pale ambapo unga haufichwi. Mama wenye umri wangu wananielewa.

Na ili upate karatasi ya biashara, swali la dirishani pale ofisini lilikuwa moja: "Bwana yako iko wapi? Alete sinyatire, sahihi yake." Sheria ilimtaka mwanamke aliyeolewa awe na ruhusa ya mume, lakini wale wa dirishani waliiomba kwa kila mwenye kuvaa kitenge. Mjane aliambiwa alete shemeji. Mwenye mume mlevi aliambiwa amngoje aamke.

Mi nikaona njia. Nikawaambia, "Bamama, mwandikeni jina langu. Mimi nitakuwa bwana yenu ku karatasi, na mzigo utapanda kamyo yangu. Bariere nitasema mimi." Wa kwanza alikuja kwa aibu. Wa pili alikuja akicheka. Kabla ya mvua kuisha nilikuwa bwana wa karatasi wa wanawake saba.

Wenzangu pale kwenye bia walinipigia kelele: "Eh, mfalme Salomo wa Musonoi! Leo unalala kwa nani?"

"Bibi saba," niliwajibu, "na hakuna hata moja yenye kunipikia bukari!"

Chekeni tu. Tulicheka sana. Na tuseme haki: ilifanya kazi. Nilikuwa na kifua, mnakiona bado, na sauti. Nikishuka pale bariere nikisema "Hawa ni wangu," walipita bila kuguswa. Kwa hiyo nilichukua sehemu yangu kwa kila mzigo, na haikuwa ndogo. Kisha nikanunua rangi nyekundu, nikaandika jina langu kwenye kila gunia, herufi kubwa kama mkono. Jina letu ni la Kasai, ukilisikia tu unajua baba alitoka wapi. Nilijivunia kuliona limepangwa mle ndani ya kamyo, gunia juu ya gunia.

Kati ya wale saba kulikuwa na mmoja nitamwita Mama wa Kapenta. Mjane, mtu wa kaskazini ya Katanga, mume wake alikufia mgodini. Sauti yake ilikuwa ya chini, ilibidi uiname ili umsikie, na mimi sikuwa mtu wa kuinama. Siku moja tunapakia, akasimama mbele ya mzigo wake.

"Tata, hizi gunia ni zangu. Andika jina yangu."

"Jina ya mwanamuke ku gunia? Ni sawa kusema: mwizi, karibu, kula."

"Na jina yako inasema nini?"

"Jina yangu inasema: ogopa."

Akanitazama. "Sawa. Na siku batakosa kukuogopa, mi nitabaki na nini?"

Wale wengine walicheka. Walinicheka mimi! Nikaandika jina langu kwenye magunia yake mara mbili, mbele na nyuma, ili ajue.

Hakugombana. Ila baada ya wiki chache nikapata habari kwamba amekwenda ofisini kuomba karatasi yake mwenyewe, ya mjane, kwa jina lake. Niliacha kamyo njiani nikaenda. Nilimkuta wa kwanza kwenye mstari, amesimama tangu asubuhi, cheti cha kifo cha mume na barua ya mgodi vimefungwa ndani ya kitambaa. Nikampita, nikaweka kiwiko dirishani, nikasema, "Huyu ni bibi yangu. Mi sikumupa ruhusa."

Karani alifungua kitabu chake. Kweli, imeandikwa: mke wa fulani. Akafunga kitabu. "Mama, patana na bwana yako kwanza."

Yule mwanamke alikunja makaratasi yake, akayarudisha ndani ya kitambaa, akafunga fundo, akapita mbele yangu, akatoka. Jioni nikawanunulia wenzangu bia.

Ndugu zangu, nawaambia, sikumpiga. Sikumwibia hata kikombe cha unga. Hakuna mtu Kolwezi angesema nimefanya ubaya. Nilisema maneno machache tu dirishani, na kwa hayo maneno machache mwanamke alibaki amefungwa kwenye jina langu kama mbuzi kwenye mti. Hakuwa na karatasi nyingine. Akaendelea kusafiri nami.

Halafu nchi ikaanguka. Mgodi ukaanza kufa, mishahara ikakatika, watu wakala majani ya viazi bila chumvi. Njaa ilipoingia kila nyumba, ikatafutwa nyumba ya kulaumiwa, na ikawa ni sisi watu wa Kasai. Watoto tuliocheza nao mpira wa makaratasi Musonoi wakaanza kutuita bilulu, wadudu. "Rudini kwenu." Kwetu wapi? Mimi kwetu ni hapo nyuma ya shimo la mgodi!

Baba alisema itapita. Mimi nilisema hawatanigusa, wanaogopa kamyo yangu. Nikafanya safari moja tena.

Tulikuwa tunarudi, nina wanne kati ya wale saba, Mama wa Kapenta akiwemo, wamekaa juu ya magunia. Ilikuwa mchana, jua limesimama. Karibu na kuingia mjini tukakuta mti umelazwa barabarani, na vijana wana fimbo na mapanga. Mmoja alipanda kwenye gurudumu, akafuta vumbi kwenye gunia, akasoma jina langu polepole. Akasoma gunia la pili. Akasoma la tatu. Wote walikuwa wanamsikiliza.

"Hii jina ni ya wapi?"

Nilishuka. Msidhani nilishuka kwao. Mwanaume wa kifua, mwenye jina linalosema ogopa, alifungua mlango wa upande wa pili, akaingia kwenye majani, akalala nyuma ya kichuguu. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno.

"Gunia ni zetu!" mama walikuwa wanalia. "Ni jasho yetu!"

"Ni zenu? Jina yenu iko wapi?"

Mama wa Kapenta alisema nao kwa Kiluba, lugha yao wenyewe. Alitaja kijiji chake, akataja baba yake na ukoo wake. Nikasikia wanapoa. Mmoja alikwisha kumwita shangazi. Halafu mwingine akasema, "Lete karatasi." Akasoma. Mke wa fulani, na jina ni lile lile la kwenye gunia.

"Shangazi gani? Weye umeolewa na kilulu!"

Fimbo nilizisikia. Mkono wake wa kuume nilisikia ulivyovunjika. Msiniulize mfupa unalia namna gani.

Kisha wakauliza, "Bwana yenu amekimbilia wapi?"

Wanawake wanne waliniona nikishuka. Wanne walijua kile kichuguu. Wanapigwa, wanaulizwa, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole. Wale vijana walichukua unga, wakachoma kamyo, mimi nimelala na udongo kinywani.

Mkono umenyooshwa pale nyuma. Unauliza kwa nini sikutoka? Mama, ningekuwa na jibu ningekuwa nimelala vizuri miaka hii yote.

Baada ya siku hiyo tulitolewa nyumbani. Watu kwa maelfu tulilala pale stesheni ya gari-moshi ya Kolwezi, tukingoja mabehewa ya kutupeleka Kasai. Wiki baada ya wiki. Watoto waliharisha wakafa. Baba yangu alivaa kofia yake ngumu ya mgodi, akakaa juu ya sanduku, akatuambia tusihangaike, kwa sababu watapakia kwa kufuata miaka ya kazi na yeye atakuwa wa mbele. Alikaa hivyo kila siku. Hakuna aliyekuja kumwuliza miaka yake.

Pale ndipo Mama wa Kapenta alinikuta. Mkono umefungwa kwa mbao mbili na kipande cha kitenge, sufuria kichwani, karatasi katika mkono wa kushoto. Hakunisalimia, alitaka sahihi yangu tu.

"Sinya."

Ilikuwa ya Kifaransa, niliomba mtu anisomee. Ilisema kwamba mimi si mume wake na sikuwahi kuwa mume wake. Ofisini walikataa kumfutia ndoa ile ya karatasi bila mkono wangu. Na pale anapokaa, vijana walikuwa wamempa siku mbili: athibitishe kwamba si nyumba ya kilulu, au waichome.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Nilikuwa nimekaa chini, sijala, chawa wananitembea, na bado nilikuwa mfanyabiashara. Nikamwambia, "Nitasinya. Lakini weye uongee kwanza na bandugu yako, tupate nafasi ya muzuri mu behewa. Mi siwezi kukupa sinyatire yangu bure."

Mama yangu mzazi alikuwa hajasimama siku mbili, miguu imevimba. Alisimama. Alinipiga kofi mbele ya stesheni nzima, mimi mwanaume wa ndevu.

"Huyu alinyamaza ili weye upone," akasema, "na weye unamuuzia sinyatire? Sinya, ama usiniite mama."

Nikasinya. Herufi zilipinda kama mtu mlevi ndiye ameziandika. Yule mama alipuliza wino, akakunja karatasi, akaiweka kifuani. Kisha akashusha sufuria, akaiweka mbele ya wazazi wangu, si mbele yangu.

"Hii ni ya mama na ya tata muzee," akasema. "Weye ulishuka upande ingine."

Akaenda. Mama alinimegea bukari, ugali wa ile sufuria, kutoka sehemu yake. Nilikula nimegeuza uso.

Baba alikufa ndani ya behewa. Treni iliposimama tulimzika kando ya reli, tukaweka kofia yake juu ya udongo, na filimbi ikalia kabla hatujamaliza kuomba. Hadi leo hakuna aliyekuja kuniambia pole kwa hilo. Na leo tunaishi pamoja hapa mjini, sisi na wale waliotufukuza. Yule aliyesoma jina langu kwenye gunia ninamfahamu uso, yuko mzima, ana tumbo. Tunakutana anaponunua mafuta ya gari, ananiambia, "Patron, habari?" Nami namjibu nzuri. Mnataka nimjibu nini?

Kule Kasai walitucheka lugha yetu. Hapa tulikuwa bilulu, kule tukawa Wakatanga. Nilikaa miaka, nikamzika mama naye, nikarudi. Nyumba ya Musonoi ilikuwa na watu wengine, mlango ni ule ule niliopaka mimi. Sikugonga.

Nikashuka mpaka mpakani kutafuta kazi ya kubeba. Na nani namkuta pale akipanga magunia? Yeye. Ana wanawake kumi na wawili, kila mmoja na karatasi yake, kila gunia na jina la mwenyewe. Nilimwomba kazi. Alinitazama kuanzia kichwa mpaka kandambili.

"Unajua kufanya nini?"

"Najua kuongea na batu ba bariere."

"Ile hatuna lazima nayo. Unaweza kubeba?"

Nilibeba. Mimi niliyekuwa na kamyo nilibeba kapenta kichwani miaka miwili, na sharti lilikuwa moja: kwenye bariere mbebaji anafunga kinywa.

Siku moja afisa mmoja alimshika msichana wa kikundi, mgeni katika kazi, akasema atapekuliwa ndani, kwenye kile chumba cha nyuma. Damu ilinipanda. Nikatua gunia, nikapanua kifua, nikafungua kinywa. Mama wa Kapenta akaniwekea kiganja hapa kifuani. "Nyamaza weye."

Halafu akakaa chini. Katikati ya barabara. Akaweka gunia lake mbele yake kama mtu yuko sokoni. Wa pili akakaa. Wa tatu. Wote wakakaa, na magunia yao, mbele ya bariere, hawatukani mtu, hawalii. Malori nyuma yakaanza kupiga honi. Dereva mmoja wa Zambia alishuka akatukana kwa Kibemba. Mama mmoja akamwambia, "Keti, tata, kuna nafasi." Mkubwa wa afisa akatoka kuuliza kelele ni za nini. Mama wa Kapenta, kwa ile sauti yake ya chini, akamwambia, "Mutoto yetu atapekuliwa hapa inje, na mwanamuke, mbele ya macho yetu. Kisha tutasimama." Na yule mkubwa, mbele ya watu wote, ilimbidi ainame ili amsikie.

Msichana aliachiwa. Alipekuliwa pale nje na mwanamke. Tukavuka.

Mimi nilibaki nimesimama na kifua changu. Miaka yote nilidhani usalama wao ulikuwa mimi. Niliwauzia usalama. Nikawafungia dirisha ili waendelee kuununua. Kumbe walikuwa nao, walihitaji tu mimi nitoke njiani. Siku ile ndiyo nilianguka kwa kweli, si kwenye kichuguu, na siku ile ndiyo nilianza kusimama.

Haya mengine ni kujisifu, na mnajua ninavyoweza, kwa hiyo nayafupisha: nilikuwa dereva wao, nikanunua kamyo, ikazaa mbili. Hakuna mzigo wa mama uliopotea mikononi mwangu tangu siku hiyo. Hata mmoja. Ulizeni.

Msamaha niliuomba mara tatu. Mara ya mwisho alinijibu hivi: "Tata, mukono yangu haifike tena ku mugongo. Kila asubui binti yangu ndiye ananifunga kitenge, na kila asubui nakukumbuka. Kazi tutafanya pamoja. Ile ingine usiniombe tena." Sijamwomba tena. Leo nilimwalika hapa. Alisema haya maneno anayajua, na ana kapenta za kuanika.

Basi nashukuru. Namshukuru mama yangu kwa lile kofi, alale pema huko mbali alikolala. Nawashukuru wale wanne ambao hawakunyoosha kidole, na mmoja wao alikufa bila mimi kumwambia asante. Namshukuru yeye aliyeninyima msamaha akanipa kazi. Na Mungu namshukuru, ingawa kuhusu baba yangu bado tuna maneno, mimi na Yeye.

Funzo langu ni hili, na mlichukue kwa mtu aliyekuwa upande wa wabaya. Sheria imebadilika, sinyatire ya bwana haiulizwi tena kitabuni. Kwenye barabara bado inaulizwa, juzi nimeisikia kwa masikio yangu. Na ile nyimbo ya "rudini kwenu" imeanza tena sokoni, chini chini, nami naijua tangu ubeti wa kwanza. Ikija, itasoma majina. Kwa hiyo asiwabebee mtu karatasi. Si mume, si kaka, si pasta, si mimi. Mimi hasa msinipe! Tembeeni wawili wawili, mmoja peke yake asiingie chumba cha nyuma, na mmoja akishikwa, wote kaeni chini.

Sasa, inueni karatasi zenu nizione. Juu, juu kabisa. Vizuri. Wewe mama wa kitambaa cha kijani, ya kwako iko wapi?

Iko kwa bwana, ameifungia kwenye sanduku?

Nenda ukaichukue. Hapana, si kesho. Sasa hivi. Ninyi wawili mlio karibu naye, mfuateni. Sisi tunakaa hapa, hatuombi sala ya mwisho mpaka mrudi watatu, na yeye ameishika mkononi.